Mawe Yasubiri, Vifaranga Wapande

Kahama mtu hafilisiki kimyakimya. Kabla biashara yako haijafa, watu wameshaizika na kuianulia matanga, halafu ndipo unaletewa habari wewe mwenyewe kwamba ulishakwisha. Paskazia Mayala, ambaye mji mzima unamwita Mama Nelly, amezikwa namna hiyo mara nyingi, na kila mara amefufuka na ulimi mrefu kuliko wa kwanza.

Walimzika mara ya kwanza alipoacha kupika. Zamani hizo yeye na mumewe Bujiku walikuwa Nyarugusu, upande wa Geita, kwenye machimbo madogo. Bujiku alishuka kwenye duara, yaani lile shimo la wachimbaji, na Paskazia alikaa juu na masufuria yake ya ugali na maharage. Bujiku alikuwa mchimbaji wa imani. Ikisikika tu dhahabu imetoka mahali, hata kama ni mwisho wa dunia, yeye ndiye wa kwanza kufunga godoro. Safari moja aliifuata hadi Chunya, akakaa huko msimu mzima, akarudi na kofia mpya. Kofia tu. Paskazia akaitazama ile kofia, akamtazama mwenye kichwa, akasema, "Bujiku, sasa tunafuga kuku. Usipotaka kufuga, utafugwa wewe."

Wakahamia Kahama. Kuku wenyewe hawakuwa kuku hivi hivi. Paskazia alichagua kuchi, wale warefu wa kifua mbele, shingo nyekundu yenye manyoya ya kuhesabika na jicho la dharau. Jogoo wa kuchi hamkimbii mbwa, anamsubiri. Ila mitetea yao hutaga kwa kujivuta, na kuatamia nako mpaka wabembelezwe. Kwa hiyo akaenda kwa Mzee Jafferali, mwenye duka la pampu na majenereta karibu na soko, akaagiza mashine ya kutotolesha. Mzee Jafferali alimuuliza kama ana hakika, maana mashine kama hiyo alishamuuzia mchungaji mmoja, na mchungaji akaishia kuhifadhia viatu ndani yake.

"Mimi sina viatu vingi," Paskazia akamjibu.

Bujiku, aliyezeeka akigeuza mawe, akapewa kazi ya kugeuza mayai. Wachimbaji wenzake walimcheka sana. Yeye akawa anawaambia kwamba miaka yote aliyokaa shimoni hakuwahi kuona jiwe likipasuka likatoka kitu kinachotembea, na kwamba wanaocheka waendelee kucheka, maji ya kunywa yapo kwenye mtungi.

Wateja wakubwa walikuwa watu wa pwani. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga akimpenda kuchi amempenda, hasikii bei. Lakini wanataka kifaranga wa siku moja, wamlee wenyewe. Kifaranga akitoka kwenye yai huwa ana akiba ya kiini tumboni, anaweza kukaa siku mbili hivi bila kula wala kunywa. Akiba hiyo haimsaidii kitu akipikwa, na buti la basi linalotoka Kahama kwenda Dar ni chungu kilichofunikwa. Binti yake Nelly, aliyekuwa akiishi Mbagala na kuipokea mizigo hiyo, alikuwa akipiga simu sauti ikiwa chini, na mama yake anajua kabla hajaambiwa. Nusu. Wakati mwingine zaidi ya nusu. Ndipo walipomzika mara ya pili.

Kila Jumanne na Ijumaa ndege ilipita juu ya bati lake. Ilikuwa ya kampuni changa iitwayo Kipanga, yenye ndege mbili ndogo za injini moja na wafanyakazi wanaotosha kukaa meza moja ya harusi. Asubuhi iliwaleta watu wa migodini, mchana ikarudi Dar. Siku moja Paskazia alipanda bodaboda hadi uwanjani, akamkuta rubani, Kapteni George, amekaa kwenye kivuli cha bawa anakula chungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii ndege yako ikirudi Dar inabeba nini?"

"Leo?" George akacheka. "Abiria watatu na hewa."

"Hiyo hewa inalipa nauli?"

Kapteni George akalimaliza chungwa, akapangusa mikono. Alipiga simu kwa bosi wake, bosi akaguna, akakubali kujaribu. Ijumaa iliyofuata maboksi ya vifaranga yalifungwa kwa wavu nyuma ya viti, na jioni Nelly akapiga simu anapiga kelele kuwashinda vifaranga wenyewe: wamefika wote, utadhani wametoka mtaa wa pili. Mjini watu hawakukosa la kusema. "Mmesikia? Mama Nelly kampa kipanga vifaranga amlelee!" Paskazia alilicheka hilo kuliko walioanza kulisema.

Halafu ikaja masika moja mbaya. Mgodi mmoja ulisimamisha upanuzi wake, wakandarasi wakafungasha, na ndege ikawa inakuja na viti vitupu. Kampuni ndogo ya ndege ni kama kaya ya mkulima, msimu mmoja ukiharibika mnakula mbegu. Miezi ile kilichoilipia Kipanga mafuta hakikuwa wahandisi, kilikuwa manyoya. Na kwa kuwa Paskazia alikuwa amethubutu, wengine wakafuata: asali ya Ushetu, minofu ya samaki iliyokuja kwenye barafu kutoka Chato, vipuri vya mashine za kukoboa mpunga kutoka Dar. Viti vya nyuma vikang'olewa kupisha mizigo, wavu ukasogezwa mbele. Njia iliyokuwa ife ikapona. Hilo likumbukwe, kwa sababu waliojifanya wamelisahau baadaye walikuwa wengi.

Mwaka uliofuata aliletwa meneja mpya wa kituo, Mzaramo wa Kisarawe aitwaye Sikujua, mwenye shati jeupe na mwendo wa mtu aliyezoea lami. Siku yake ya kwanza alimsikia Paskazia akiwaita wapakiaji kwa lafudhi nzito ya Kisukuma, akainua mikono juu.

"Kumbe nimeletwa kwa wapagazi wangu! Bebeni basi, mnasubiri nini? Si babu zenu walibeba hadi Bagamoyo?"

Wapakiaji wakaangua kicheko, maana nani asiyejua kwamba Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara? Paskazia hakuchelewa. "Walibeba, ndiyo. Na walipofika wakawakuta babu zenu wamelala chini ya minazi wanasubiri ngoma ianze. Mpaka leo mnasubiri."

Sikujua akauendea mfuko wa Paskazia bila kuomba, akatoa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akaanza kutafuna huku anasema Wasukuma wanakula kuni. Mtani haibi, mtani anachukua. Tangu siku hiyo ikawa Jumanne na Ijumaa Paskazia anabeba matobolwa ya kuibiwa.

Utani wao haukuishia uwanjani. Mama mkwe wa Paskazia alipofariki, Sikujua alifika msibani. Watu walipotaka kuteremsha jeneza wakamkuta ameshaingia kaburini na shati lake jeupe, amelala chali, mikono kifuani. "Hapa pangu. Bibi mtafutieni pengine." Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyemkasirikia wala kumgusa, kwa sababu mtani aliyelala kaburini havutwi. Anaulizwa anataka nini, anapewa, ndipo anatoka mwenyewe kwa miguu yake. Bujiku akamuuliza. Sikujua akataka jogoo wa kuchi. Akapewa, akatoka, akajipangusa, akawa wa kwanza kushika koleo kufukia. Siku ile Paskazia alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Kisha yakaja mawe.

Kampuni fulani ya kutafuta madini ilianza kutoboa ardhi katika mapori ya kati ya Kahama na Geita. Ilikuwa ikitoa vipande vya miamba virefu kama miwa, inavikata, inavitia kwenye mifuko na kuvipeleka maabara vikapimwe kama vina dhahabu. Walitaka vifike haraka, na walikuwa na fedha ya kuharakishia. Bosi wa Kipanga kule Dar akaona mlango wa peponi umefunguliwa upande wake, akasaini mkataba, na amri ikashuka hadi Kahama: mawe kwanza.

Hakuna aliyemwambia Paskazia. Ijumaa hiyo alikabidhi maboksi yake kama kawaida, akaondoka kwenda Isaka kufuata chakula cha kuku. Nyuma yake likaja gari la mawe. Mawe ni mazito, na ndege ndogo ina uzito wake ambao haiuvuki, hasa jua likiwa kali. Maboksi ya vifaranga yakashushwa yakawekwa kando ya banda, kivulini, na ndege ikaondoka. Lakini kivuli hakina mizizi. Jua lilihama, na waliokuwepo hakuna aliyeona limehamia wapi. Sikujua alikuwa ndani ya ofisi akibishana na Dar kwenye simu kuhusu vifaranga haohao.

Paskazia aliporudi alisimama mbali kidogo na banda. Hakusikia sauti. Hilo peke yake lilimtosha, maana vifaranga walio hai hawanyamazi. Alifungua boksi moja, akafungua la pili, akaacha kufungua. Akakaa chini kwenye kokoto akalia mbele ya wanaume, yeye ambaye wengi hawakuwahi kudhani ana machozi.

"Mama Nelly," Sikujua alisema, amesimama na mikono haijui pa kwenda, "nisamehe. Amri ilitoka juu."

"Juu kwa Mungu au juu Dar?"

Sikujua aliinamisha kichwa. Siku hiyo hakugusa matobolwa.

Waliwafukia vifaranga nyuma ya nyumba, Bujiku akichimba. Alipomaliza akaegemea jembe, akasema taratibu kwamba labda waachane na ndege, warudi kwenye basi, wapate hiyo nusu yao na amani.

"Basi sikulianzisha mimi," Paskazia alisema. "Nikifukuzwa kwenye basi nitashuka. Lakini ile njia ya ndege ni yangu, Bujiku. Nimeijenga kwa vifaranga wangu wakati hao wenye mawe hawajui Kahama iko wapi. Hanishushi mtu." Nelly alikuwa na wateja watano wanaosubiri, na walishasema wazi kwamba wakikosa na Jumanne watanunua kwingine. Wakienda hao, mashine ya Mzee Jafferali itabaki ya kuwekea viatu. Kufikia Jumamosi, barazani walikuwa wameshaanza kumzika mara ya tatu.

Jumanne alikwenda uwanjani mapema na hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisogeza maboksi kila jua liliposogea. Ndege ikaja, ikashusha watu, vifaranga wakapakiwa nyuma ya viti, na abiria wanne wa kurudi Dar wakapanda. Paskazia akaanza kupumua. Ndipo vumbi likaonekana barabarani, na gari la mawe likaingia getini.

Sikujua alitoka ofisini simu ikiwa sikioni. Alikuwa anasema "ndiyo bosi" mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Akaishusha simu, akawatazama wapakiaji, hakumtazama Paskazia.

"Shusheni maboksi."

Hakuna aliyejongea. Paskazia akasimama kwenye ndoo yake. "Sikujua, nijibu jambo moja. Hilo jiwe limekaa ardhini tangu Mungu aumbe dunia. Likikaa Kahama mpaka Ijumaa, litaoza?"

Mpakiaji mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mama Nelly, ni mkataba."

"Litaoza au halitaoza?"

"Halitaoza," Sikujua alisema kwa sauti ndogo. "Lakini nikiliacha, mimi nitaoza. Shusheni."

Boksi la kwanza likashushwa. Aliyelishusha alilishika kama anashika mtoto wa mtu, na bado alilishusha. Vifaranga wakapiga kelele. Paskazia alikwenda hadi kwenye mlango wa mizigo, akavua kandambili, akazipanga vizuri chini kama mtu anayeingia sebuleni kwa wakwe, akapanda. Pale lilipokuwa boksi la kwanza palibaki nafasi. Akalala hapohapo chali, akajifunika khanga, akakunja mikono kifuani.

"Hapa pangu," alisema. "Mawe yatafutieni pengine."

Mpakiaji mzee kuliko wote akapiga makofi mara moja, akasema, "Lo! Mtani kalala kaburini!" na kicheko kikalipuka, wapakiaji, dereva wa gari la mawe, hata muuza maji wa getini. Sikujua peke yake hakucheka. Alielewa upesi kuliko wote alichofanyiwa. Alikuwa amelala kwenye kaburi la mama mkwe wa mwanamke huyu mbele ya ukoo mzima, na hakuvutwa.

Mlinzi wa uwanja akaja mbio. Hili si jambo la mchezo, akasema, huku ni kuingilia usalama wa anga. Akawaamuru wapakiaji wamtoe. Wapakiaji wakaitazama mikono yao. "Kaka, huyo havutwi," mmoja alimweleza kwa upole. "Ukitaka mvute wewe, ila sisi tusiwepo." Mlinzi, ambaye naye ni mtoto wa Shinyanga, akaamua ni heri apige simu polisi.

Paskazia alikuwa anaogopa. Watu wakisimulia leo wanasema alilala pale kama malkia, na si kweli, sakafu ya ndege ilikuwa inamchoma mgongo. Alikuwa hajawahi hata kuingia ndani ya ndege. Miaka yote hiyo alisafirisha kuku kwa ndege, mwenyewe akawa anapanda basi. Abiria mmoja aligeuka kwenye kiti akamwambia kwamba wao wana mkutano Dar.

"Na mimi nina watoto wanaosafiri," Paskazia alimjibu. "Mkutano umewahi kufa kwa kiu?"

Kapteni George alichungulia mlangoni, akalitazama wingu zito lililokuwa linajengeka upande wa mashariki. "Sikujua, nikichelewa hapa sipiti. Naruka na kilichopakiwa. Lakini siruki na mama sakafuni. Amueni."

Sikujua alipanda ngazi, akachuchumaa karibu na kichwa cha Paskazia. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Mama Nelly, shuka, nakuomba."

"Anayeomba ni meneja au mtani?"

"Meneja."

"Huyo simjui. Niitie mtani."

Simu ya Sikujua ikaanza kulia mfukoni. Aliiacha ilie. Alitazama maboksi, akatazama mifuko ya mawe iliyopangwa kwenye gari. Alikuwa na mke na watoto Kisarawe na mshahara aliousubiri miaka. Paskazia aliliona hilo usoni mwake na alimwonea huruma kweli, lakini hakuinuka.

"Haya," Sikujua alisema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya siku ya kwanza. "Mpagazi wangu, unataka nini ndipo utoke kaburini?"

"Nataka mawe yako yalale Kahama."

"Mzigo mzito huo."

"Ubebe. Mimi babu yangu alibeba hadi Bagamoyo."

Sikujua akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa ndege, na machozi yakamtoka, na haikujulikana ni ya kicheko yote. "Rudisheni boksi la mama," aliwaambia wapakiaji. "Mawe yanalala." Paskazia hakutoka mpaka alipoona wavu umekazwa juu ya maboksi yake yote. Ndipo akateremka, akavaa kandambili. Ndege ikawasha pangaboi, ikaondoka, na alikuwa bado ameshika kichwa akiitazama, gari la polisi liliposimama nyuma yake.

"Shikamoo mama," alisema askari, Afande Magesa. "Uko chini ya ulinzi."

"Marahaba mwanangu. Nikae mbele au nyuma?"

Kituoni Magesa alimkalisha kwenye benchi, akaichukua simu yake akaiweka mezani, akamweleza kosa lake. Alieleza vizuri na kwa adabu, na kadiri alivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuwa kubwa. Paskazia alimsikiliza hadi mwisho. Akasema ameelewa, ni kosa, na hata yeye asingependa mtu alale ndani ya ndege ovyo ovyo. Magesa akafurahi. Akamwambia basi ikiwa ni hivyo aahidi tu kwamba hatarudia, na mambo yatakuwa mepesi.

"Kuahidi siwezi."

"Kwa nini mama?"

"Kwa sababu nitarudia."

Magesa alikuwa bado anamtazama, ile simu ilipolia mezani. Aliipokea, akaigusa vibaya, ikatoa sauti kubwa. Alikuwa Nelly. Kabla Nelly hajatamka lolote, kituo cha polisi kilijaa kelele za vifaranga. "Mama! Wamefika wote! Unawasikia?" Paskazia aliwasikia. Akafunika uso kwa khanga, akakaa hivyo, mabega yakimtikisika, na Magesa akageukia dirishani akawa anatafuta kitu nje ambacho hakikuwepo.

Sikujua aliingia jua likiwa limepoa. Alikuwa ameongea na bosi njia nzima, na bosi alikuwa bado hewani. Magesa akamwomba akae atoe maelezo, kwa kuwa kampuni ndiyo mlalamikaji. Sikujua hakukaa.

"Kampuni ikitaka kulalamika itume mtu mwingine. Mimi silalamiki. Huyu ni mtani wangu, na mtani hashtakiwi."

"Hiyo sheria ya wapi?" sauti ya bosi iliuliza kutoka kwenye simu.

"Ya kwetu, bosi. Na ya kwao pia."

"Umeshafikiria kazi yako lakini?"

"Nimefikiria tangu saa sita," Sikujua alisema. "Kabla hujasaini hayo mawe, vifaranga wa huyu mama ndio waliokuwa wananunua mafuta ya ndege yako. Mimi sikuwepo, ila nimeyakuta kwenye hesabu zako mwenyewe. Ukinifukuza, nifukuze. Nitalala kwake, ana viazi vya kutosha."

Bosi akasema apewe huyo mama. Paskazia akaipokea simu kwa mikono miwili, akaishika mbali kidogo na uso kama wanavyoshika watu wazima.

"Mama," bosi alisema, na alikuwa anajitahidi kuwa mtulivu, "nisikilize vizuri. Ijumaa mawe ni mengi kuliko ya leo, na yale ya leo yatakuwa juu yake. Nimesaini. Kuku wako hawana nafasi tena kwenye ndege yangu. Tumeelewana?"

"Nimekusikia, baba."

"Nimeambiwa hata polisi umekataa kuwaahidi. Kwani wewe ni nani hasa?"

Magesa aliinua kichwa. Sikujua akafumba macho. Paskazia akaisogeza simu karibu na mdomo, ili asije akalazimika kurudia.

"Mimi ni mzigo wa Ijumaa," alisema. "Nipangie nafasi."